Mashine ikizima baharini, nanga kwanza

Kusi, ule upepo mkali wa kusini, ndo hilo limeanza, na mimi kila likianza nakumbuka siku ile, kwa hiyo naomba mnisome mpaka mwisho, hasa nyie mnaopanda boti na watoto.

Tulikuwa tunatoka Jibondo kwenye harusi tunarudi Utende, huku kwetu Mafia, watu kumi na moja na nahodha, upepo mkali na maji yanakupwa. Anayeijua ghuba ya Chole anajua maji yakikupwa yanapita kwa nguvu pale mlango wa Kinasi kwenda bahari kuu, yakikutana na mawimbi ya kusi mawimbi yanasimama wima. Mashine ikazima hapo. Nahodha akawa anavuta kamba ya kuwashia, vuta, vuta, sisi tunamwangalia tu kumbe mkondo unatubeba, mpaka mtu anakumbuka nanga kina kimeshakuwa kirefu na kamba haifiki chini. Jamani, shusha nanga kwanza, plagi utaifungua baadae!

Kilichotusaidia ni simu moja iliyokuwa imefungwa kwenye nailoni, mwenye nayo akampigia kaka yake Utende, kaka akakimbia ofisi ya hifadhi ya bahari. Wale askari wa hifadhi wengi wetu tunawajua kwa kukamata makokoro, zile nyavu za kukokota zilizokatazwa, na mimi nlishawasema vibaya sana, Mungu anisamehe.

Wakaja wawili na boti ya faiba. Mkubwa wao alivofika hakutusogelea, tukaanza kulia mbona anatuacha, wengine wakakimbilia upande mmoja boti ikalala ikaanza kuingiza maji. Akapiga kelele kaeni chini! Msifanye vile tulivofanya sisi, mwokoaji akija kaeni chini, msikilizeni. Alikuwa anakwepa boti zisigongane, akakaa upande unakotoka upepo, akafunga dumu tupu kwenye kamba akaliachia lije kwetu lenyewe na upepo.

Kijana mmoja hakusubiri. Akaruka, wimbi likampitia kichwani. Hapo yule askari akajifunga kamba kiunoni, usukani akamwachia mwenzake, akaingia majini kwenye bahari ile ile iliyokuwa inatutoa sisi roho, na hata hapo hakumshika, alimsukumia dumu jengine kwanza, kijana akalikumbatia dumu badala ya shingo ya mtu, maana anayezama akikukamata mnazama wote. Sijawahi kuona moyo kama ule, na akili kama ile ndani ya moyo ule.

Kwa hiyo beba dumu tupu lenye kifuniko na kamba yake, halina gharama. Laifu jaketi livae toka ufukweni, mawimbi yakianza vidole vinatetemeka huwezi kufunga kitu.

Tulipofika Utende yule askari alitupanga mchangani akatuhesabu mara mbili, viganja vyake vimechunwa na kamba mpaka vinatoka damu. Nikamwambia ahsante kaka yangu, yeye akauliza yule kijana ameshapata nguo kavu.

Sa hizi kabla sijapanda namuuliza nahodha kamba ya nanga ina pima ngapi. Wengine wananuna, nauliza hivohivo.