Vani kuukuu inayowaka asubuhi na kugoma mchana: pima waya wa ethi kabla ya kununua stata

Ndugu, umeeleza kwamba vani yako ya dizeli, yenye umri wa zaidi ya miaka 20, huwaka vizuri asubuhi, lakini ikishapata moto na ukaizima kwa dakika chache, stata huguna mara moja na kunyamaza. Umesema pia kwamba taa za mbele hufifia na kurudi ukiwa njiani, na kwamba umekwisha kununua betri mpya bila mafanikio. Nimeyasoma maelezo hayo mara mbili kwa sababu yanafanana mno na yaliyonisumbua mimi kwa miezi 7, na ninakusihi usinunue stata kabla hujapima waya mmoja ambao pengine hujawahi hata kuutazama: waya wa ethi, yaani ule unaorudisha umeme kutoka kwenye injini na chasisi hadi hasi ya betri.

Mimi nilianza na betri kama wewe, kisha nikabadilisha stata, kwa kuwa fundi aliisikiliza mara moja tu na kuihukumu. Kwa siku 9 gari liliwaka bila shida, nikaamini kwamba tatizo limekwisha, kumbe wakati wa kufunga stata mpya zile nyaya zilikuwa zimetikiswa tu zikagusana vizuri kwa muda. Hilo ndilo jambo gumu la hitilafu inayokuja na kuondoka: karibu kila unachokishika huonekana kuwa kimeitibu. Kwa hiyo vipimo vya asubuhi, wakati gari linawaka lenyewe, havikuambii kitu. Ni lazima upime katika dakika ileile linapogoma, na hiyo ina maana ya kutembea na mita ya umeme ndani ya gari.

Kabla ya kupima, weka gia kwenye nyutro, funga breki ya mkono, na uchomoe waya wa kile kifaa kinachokata mafuta kwenye pampu ili injini izunguke bila kuwaka. Weka mita kwenye volti za mkondo mnyoofu (DC). Ncha nyeusi iguse kichwa chenyewe cha betri upande wa hasi, yaani ile risasi iliyochomoza, wala si teminali iliyofungwa juu yake. Ncha nyekundu iguse chuma kitupu cha injini, mahali pasipo rangi wala grisi. Mtu mwingine apige stata huku wewe ukisoma namba. Umeme unapotoka kwenye injini kurudi betri haupaswi kupoteza zaidi ya takriban nusu volti, na katika gari lenye nyaya safi hupotea volti 0.2 au pungufu. Yangu ilisoma 0.4 asubuhi, kiasi ambacho kingeweza kunidanganya. Mchana ilipogoma ilisoma 4.6, ilhali betri yenyewe ilikuwa bado na volti 11.9. Stata ilikuwa inaombwa kuizungusha injini ya dizeli kwa volti 7 na ushei, na hapo nikaelewa kwa nini ilikuwa ikiguna.

Baada ya hapo nilihamisha ncha hatua kwa hatua. Kati ya kichwa cha betri na teminali yake ilipotea volti 0.1, kati ya teminali na chasisi, 0.2, kati ya chasisi na injini, 4.3. Mkosaji alikuwa mkanda wa nyaya za shaba zilizosukwa, ulioiunganisha injini na chasisi. Kwa macho ulionekana mzima. Nilipoufungua na kuukunja karibu na kile kipande kilichobanwa mwishoni, unga wa kijani ulidondoka kiganjani, na nyuzi zikakatika kama majani makavu. Ulikuwa umebakiwa na nyuzi chache tu zinazoshika.

Ninasisitiza upimaji wa volti wakati stata inapigwa, kwa sababu fundi mmoja alikuwa ameupima mkanda huohuo kwa kipimo cha ukinzani, akaupata uko sawa. Kipimo hicho hupitisha umeme mdogo sana, ambao uzi mmoja wa shaba unaumudu bila taabu. Stata ya dizeli hudai mamia ya ampea.

Ipo dalili nyingine ambayo ningeigundua mapema kama ningejua maana yake. Umeme ukikosa njia yake hutafuta nyingine, hivyo jaribu kuigusa kebo ya eksileta na ile ya gia mara tu baada ya kupiga stata. Kebo yangu ya eksileta ilikuwa ya moto, na ganda lake la plastiki lilikuwa limeanza kulainika. Mimi nilidhani ni joto la injini. Mshale wa joto la maji nao uliruka kila nilipozungusha ufunguo, kwa kuwa kihisi chake hupata ethi kupitia injini hiyohiyo. Kuhusu taa zako zinazofifia, kumbuka kwamba altaneta, yaani mashine inayochaji betri, nayo imefungwa kwenye injini, kwa hiyo waya huo ukiwa mbovu, umeme wa kuchaji hupotea papo hapo na betri mpya hushinda na njaa. Katika gari langu volti za kuchaji kwenye betri zilikuwa 13.1, na baada ya kuweka mkanda mpya zilipanda hadi 14.1 bila kuigusa altaneta. Kiwango cha kawaida ni kati ya 13.8 na 14.5.

Upande wa chanya upimwe vivyo hivyo, kutoka kichwa cha betri hadi bolti kubwa ya stata. Ikiwa kuna hasara kubwa kati ya bolti mbili za solenoidi yenyewe, yaani ile swichi nzito iliyo juu ya stata, vipande vya shaba vya ndani vimelika, na hapo kweli stata inahitaji kufunguliwa. Kama stata huamka ukiigonga kwa mpini wa nyundo, tazama kaboni zake, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka.

Usikilize pia namna inavyogoma. Mlio wa haraka wa ta-ta-ta-ta huku taa za dashibodi zikizimika huelekeza kwenye betri dhaifu au teminali chafu. Kimya kabisa huku taa ziking'aa ni habari tofauti: hapo pima waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi wakati ufunguo umezungushwa, na ukikuta volti zake ziko chini sana ya zile za betri, rudi nyuma kwenye rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme), swichi ya ufunguo na swichi ya klachi au ya nyutro. Katika magari ya umri huu swichi ya ufunguo huchakaa ndani, na rilei ya ziada huipunguzia mzigo.

Unapofunga mkanda mpya, ondoa kwanza waya wa hasi kwenye betri na uurudishe mwisho. Kwangua rangi na kutu hadi chuma king'ae pande zote mbili, kaza bolti, kisha paka grisi juu baada ya kukaza. Mimi niliongeza waya wa pili mnene kutoka hasi ya betri moja kwa moja hadi kwenye bolti inayoifunga stata kwenye injini, si ile bolti kubwa ya umeme wa chanya, na ningependa ufanye hivyo hata kama wa zamani utaonekana mzuri.

Ikiwa kipimo chako, gari likiwa moto na limegoma, kitatoka chini ya nusu volti, niandikie namba ulizopata upande wa chanya na kwenye ule waya mwembamba, tuendelee kutoka hapo.