Barua kwa mwanangu: kile kigumu chini ya mshono wako

Nakuru

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwa mama yako na kwangu. Nimesoma ujumbe wako vizuri. Unasema wiki tatu zimepita tangu ufanyiwe huko Kisumu upasuaji wa henia ya kinena, ile nyama ya ndani ya tumbo iliyokuwa ikisukumwa nje kupitia pengo la misuli, na juzi ukioga umegusa kitu kigumu chini ya mshono, urefu wake kama wa kidole. Unauliza kama henia imerudi, kama ile neti, yaani kitambaa cha matundu walichokuwekea ndani kuziba pengo, itaoza, na ni lini utabeba tena mfuko wa saruji mwenyewe pale dukani Kondele. Miaka yangu mingi ya uuguzi niliimalizia thieta na wodi ya upasuaji, na maswali haya niliyasikia kila wiki kutoka kwa wanaume wa rika lako. Kwa hiyo usione haya kuniuliza.

Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Kwa jinsi unavyoeleza, hilo si henia. Daktari anapofunga misuli na ngozi, mwili huanza kujaza mahali palipokatwa kwa nyama mpya ya kovu, na nyama hiyo mwanzoni huwa ngumu, imenyooka kufuata mstari wa mshono. Wengi huigundua wiki ya pili au ya tatu, kwa sababu uvimbe wa juu umepungua na vidole sasa vinafika chini. Italainika polepole, pengine kwa miezi kadhaa.

Lakini sitaki uniamini kwa maneno tu. Jifungie chumbani, simama wima, weka vidole viwili juu ya hapo pagumu, halafu kohoa. Kovu halisukumi vidole. Linakaa palepale, na ukilala chali bado lipo, umbo lilelile. Henia iliyorudi ina tabia nyingine kabisa: ukisimama au kukohoa inajitokeza na kusukuma vidole vyako, ukilala inarudi ndani na pale panabaki bapa. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku chache, kisha uniambie umeona nini.

Kuna kitu cha tatu ambacho huwatisha watu, nacho ni maji yanayojikusanya mahali ambapo henia ilikuwa. Hayo huwa uvimbe wa mviringo, laini kidogo, usioongezeka ukikohoa wala kutoweka ukilala. Mara nyingi mwili huyanywa wenyewe katika wiki chache. Ukiona uvimbe wa namna hiyo, mwonyeshe daktari aliyekupasua, na mwanangu, usikubali mtu wa duka la dawa akuchome sindano ayavute. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu najua jinsi watu wetu wanavyokimbilia kemisti ya karibu. Sindano isiyo safi ikifikisha vijidudu kwenye neti, utatibiwa muda mrefu, na wakati mwingine neti yenyewe hulazimika kutolewa.

Ule weusi ulioshuka hadi korodani wiki ya kwanza, uliomtisha mkeo akanipigia simu usiku, ulikuwa damu iliyovuja chini ya ngozi ikafuata mteremko. Umekwisha, hatuna haja ya kuuzungumzia tena. Na ganzi unayoisikia chini ya kovu na juu ya paja inatokana na mishipa midogo ya fahamu inayopita hapohapo kinenani, ambayo huvutwa au kukatwa wakati wa upasuaji. Sehemu kubwa hurudi. Kipande kidogo kinaweza kubaki na ganzi maisha yako yote na kisikuzuie kufanya lolote.

Sasa neti. Haiozi. Imetengenezwa kwa plastiki ya aina ileile inayotumika kutengeneza nyuzi fulani za kushonea wagonjwa, na kazi yake ni kukaa. Zamani daktari alivuta misuli ya pande mbili akaishona pamoja, njia ambayo Mwitaliano Edoardo Bassini aliianzisha miaka ya 1880. Ilisaidia watu wengi sana, lakini misuli iliyovutwa kwa nguvu huuma, na mingine huachia. Mwaka 1989 daktari Irving Lichtenstein na wenzake wa Los Angeles walichapisha matokeo ya njia ya kuweka neti juu ya pengo bila kuvuta chochote, na tangu hapo tafiti nyingi zimeonyesha kwamba neti hupunguza uwezekano wa henia kurudi kwa takriban nusu. Nyama ya mwili huota ndani ya matundu yake, ikawa kitu kimoja nayo.

Na usidhani ni mambo ya nchi tajiri peke yake. Hapa jirani, Kamuli, mashariki mwa Uganda, madaktari waliwafanyia upasuaji wanaume 302 wenye henia ya kinena. Nusu waliwekewa neti ya kawaida ya hospitali, nusu wakawekewa kitambaa cha chandarua cha mbu kisicho na dawa, kilichokatwa na kutakaswa kabisa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Baada ya mwaka mmoja, waliowekewa chandarua walikuwa na mtu 1 tu ambaye henia yake ilirudi, na kwa wale wengine hakuna hata mmoja. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu nimewaona wazee kutoka vijijini Siaya na Busia wakija na henia iliyoshuka karibu na goti, wameishi nayo miaka wakiamini tiba ni ya wenye pesa. Wewe umewahi mapema. Hilo peke yake limekupa nafasi nzuri ya kupona.

Tuje kwenye saruji. Hapa ndipo ninapokuomba unisikilize, kwa sababu nakujua.

Kwa nje umeshapona. Ngozi imefunga, nyuzi zimetoka, unatembea wima. Ndani kazi bado. Kidonda cha wiki tatu kina takriban moja ya tano tu ya nguvu ya ngozi ambayo haijawahi kukatwa. Kikifika miezi mitatu hufikia kama asilimia 80, na 100 hakifiki tena. Wewe unauza saruji, unajua slabu ya jana inavyoonekana ngumu na fundi mwenye akili bado haondoi nguzo za mbao. Neti ndiyo nguzo zako kwa sasa. Inabeba mzigo mkubwa wakati kovu linakomaa, na ndiyo maana hutakiwi kulala kitandani kama mgonjwa. Lakini mfuko wa kilo 50 kuuinua kutoka sakafuni hadi begani, ukiwa umeinama na pumzi umeizuia, ni mambo mengine. Daktari wako alikuambia wiki sita. Zikamilishe.

Nitakuwa mkweli kwako: wataalamu wa kimataifa wa henia, katika mwongozo wao wa 2018, walisema mgonjwa wa kinena arudie shughuli zake mara tu anapoweza bila maumivu, na hawakuona sababu ya kumfunga muda mrefu. Nakubaliana nao kwa kutembea, kupanda ngazi, kukaa kaunta, kuandika risiti, hata kubeba mtoto mdogo. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kupakia pikapu mifuko arobaini asubuhi moja, nasimama na daktari wako. Mfuko hauinuliwi mara moja. Unainuliwa mchana kutwa, na mwisho wa siku misuli ya tumbo imechoka na wewe huangalii tena unavyoinama. Ajiri kijana akubebee kwa hizo wiki zilizobaki. Wiki ya sita ikiisha, anza na kilo kumi, kisha ishirini, na mwili ukikataa, umeshasema.

Maumivu ndiyo yatakuongoza. Kuvutwa kidogo jioni baada ya siku ndefu ni kawaida. Maumivu makali yanayokuja wakati unainua kitu yanakuambia weka chini. Na usiache dawa ya maumivu eti kwa ushujaa, kama bado unaihitaji. Mtu anayeumwa hatembei, na asiyetembea hupata shida nyingine. Daktari Earle Shouldice wa Toronto alifungua hospitali yake ya henia mwaka 1945, na alisisitiza wagonjwa wasimame na kutembea mapema, wakati ambapo kwingi walilazwa kwa wiki nzima au zaidi. Wakati umeonyesha alikuwa sahihi.

Wapo wachache, takriban mtu 1 kati ya 10, ambao maumivu hubaki zaidi ya miezi mitatu, na kwa baadhi yao huwa ya kuchoma au kama umeme unaoshuka kwenye paja. Wengi wao bado hufanya kazi zao. Ikifika miezi mitatu na wewe uko hivyo, usinyamaze ukazoea. Kuna dawa za mishipa ya fahamu na kuna sindano za ganzi zinazosaidia, ila hutazipata usiposema.

Jambo moja hukulitaja na mimi nalifikiria kila siku: vumbi la duka lako. Kukohoa siku nzima kunasukuma pale pale ulipofungwa. Vaa barakoa unapohamisha mifuko, hata kama vijana watakuangalia. Ukihisi kikohozi kinakuja, bonyeza kiganja juu ya mshono kabla hujakohoa. Sigara ziache kabisa, maana huchelewesha kidonda na kuongeza uwezekano wa henia kurudi. Choo nacho kisiwe kigumu hata ukajikamua: maji mengi, mboga, papai, na osuga, yaani mnavu, ambayo mama mkwe wako anaipika vizuri. Asubuhi unapotoka kitandani, usijiinue moja kwa moja kwa tumbo. Geuka ubavu kwanza, teremsha miguu, kisha jisukume kwa mkono.

Pikapu uendeshe pale utakapoweza kukanyaga breki kwa ghafla bila kushtuka kwa maumivu. Ijaribu kwanza ikiwa imesimama, injini imezimwa.

Kuhusu hayo maneno ya pale kijiweni, kwamba aliyefanyiwa henia nguvu za kiume zinaisha, yapuuze. Mishipa inayohusika na tendo la ndoa haifungwi na neti. Mwanamume hurudi kwa mkewe pindi maumivu yanapomruhusu, wengi baada ya wiki mbili au tatu. Kama korodani ya upande uliofanyiwa inaendelea kuuma au unaona inasinyaa, hilo mwambie daktari, kwa kuwa mara chache damu inayoiendea hupungua. Kama hakuna dalili hiyo, wewe na mama watoto msiishi kwa hofu.

Zifuatazo hazingojei miadi, nenda hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana: homa, mshono kuwa mwekundu na moto au kutoa usaha, haja ndogo kukataa, uvimbe mgumu unaouma usiorudi ndani, tumbo kujaa huku unatapika na hewa ya tumboni haitoki hata kwa nyuma, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kukata. Mwonyeshe mkeo sehemu hii ya barua ili naye ajue.

Siku ya kliniki beba ile karatasi uliyopewa ulipotoka wodini. Mwombe daktari ahakikishe imeandikwa ulifanyiwa upande gani, kwa njia ipi na neti ya aina gani, halafu uiweke pamoja na vyeti vyako vya muhimu. Miaka ijayo ukihitaji upasuaji mwingine wa tumbo au kibofu, daktari atakayekuwepo atataka kuyajua hayo. Mwombe pia akupime upande wa pili, kwa sababu mwanamume aliyepata henia upande mmoja anaweza kuipata upande mwingine. Na muulize wazi kuhusu kazi yako, umtajie kilo 50 na idadi ya mifuko, maana ukimwambia tu una duka atadhani unauza sukari na sabuni.

Ukitoka hapo nipigie kabla hujapanda boda. Nataka kusikia alichosema kuhusu hicho kigumu.

Baba yako