Mashavu ya uke ya mtoto yameshikana: mkunga ayaachanishe?

SWALI: Daktari, binti yangu ana mwaka na miezi minne. Juzi nikimwogesha nimeona mashavu madogo ya uke yameshikana, limebaki tundu dogo tu kwa juu. Anakojoa vizuri, halii. Bibi yake anasema yuko mkunga mtaani anayeachanisha kwa kidole mara moja tu. Duka la dawa nako wameniuzia tyubu ya krimu. Nifuate lipi?

JIBU: Usifuate lolote kati ya hayo. Bibi ana nia njema, lakini huyo mkunga asimguse mtoto.

Binti yako hakuzaliwa hivyo. Estrojeni (homoni ya kike) aliyotoka nayo tumboni kwako imeshamwishia, ngozi ya pale imekuwa nyembamba, na ikichubuliwa na nepi iliyolowa au sabuni, pande mbili hupona zikiwa zimeungana. Fikiria vidole viwili vilivyoungua vikafungwa bandeji moja. Sasa anayechana kwa kidole anaacha nini? Vidonda viwili vibichi vinavyotazamana. Vitashikana tena, na safari hii huenda kwa kovu gumu. Nimeletewa watoto waliochanwa hivyo zaidi ya mara moja. Ukimlaza tu kitandani anabana mapaja na kupiga mayowe, wala sijavaa glavu. Na si wakunga peke yao. Wapo wenye makoti meupe wanaomwambia mama, “Mshike miguu, ni sekunde moja.” Huwa nakasirika sana.

Mpeleke kwa daktari wa watoto athibitishe kwa macho kwamba ni huko kushikana na si jambo jingine. Akithibitisha, na mtoto hana shida, dawa ni kumwacha. Wengi hufunguka wenyewe, na waliobaki kwa kawaida hufunguka wakikaribia kubalehe, estrojeni inaporudi. Mwoshe kwa maji matupu, mkaushe, mpake mafuta ya mgando.

Tunatibu mkojo ukidondoka baada ya kumaliza, akilia akikojoa, au maambukizi ya njia ya mkojo yakijirudia. Mkojo ukigoma kabisa, hospitali siku hiyohiyo. Tunatumia krimu ya estrojeni, kidogo sana, kwenye mstari mwembamba wa kijivu pale mashavu yalipoungana na si eneo zima, mara moja au mbili kwa siku, wiki 2 hadi 6. Vichuchu vinaweza kuvimba kidogo au ngozi ikawa nyeusi. Ukiacha dawa, hayo hupotea. Isipofaa, ipo krimu ya betamethasoni ya asilimia 0.05, ambayo ni steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi), nayo kwa maelekezo ya daktari tu. Yakishafunguka, mafuta ya mgando yaendelee kwa miezi, maana hujirudia. Upasuaji ni kwa wachache, tena mtoto akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi.

Kinachonichosha ni haraka hii ya kuchana na kukata kila kinachoonekana tofauti kwa mtoto wa kike. “Hana njia.” “Hatazaa.” Kizazi chake hakijaguswa na jambo hili! Madukani nako, tyubu ileile yenye dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi kali huuzwa kwa mba, kwa upele wa nepi, kwa lolote lililo chini ya kitovu. Steroidi kali ikifunikwa na nepi hupenya mwilini na kuzidi kuidhoofisha ngozi ambayo tayari ni nyembamba. Hiyo yako usiifungue. Nenda nayo kliniki, daktari asome imeandikwa nini.