Kilo zimerudi zote: usijilaumu kabla hujaijua leptini

Mleta mada, umesema ulipungua kilo 14, ndani ya mwaka zikarudi zote, na shemeji yako anakucheka eti huna msimamo. Mwambie apunguze maneno. Mimi yalinikuta.

Nilitoka kilo 103 hadi 84 kwa miezi mitano. Niliacha soda, chapati za asubuhi na ugali wa usiku. Sifa nilipata, suruali nikapeleka kwa fundi. Kisha vituko vikaanza. Dar hii, mwezi wa pili, mke wangu anawasha feni, mimi natafuta blanketi! Sahani iliyonishibisha nikiwa na kilo 103, sasa nikiwa na 84 naimaliza na bado nalitazama sufuria. Mwili mdogo, njaa kubwa. Hilo ndilo lililonifanya nianze kusoma.

Kumbe mafuta ya mwilini hayakai tu kama gunia stoo. Yanatoa homoni iitwayo leptini, inayopita kwenye damu hadi haipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo, upande wa chini. Mafuta yakipungua, leptini inashuka, na ubongo unaelewa jambo moja tu: njaa imeingia nchini. Seli zinazotoa molekuli za NPY na AgRP zinachachamaa kudai chakula. Zile za POMC, zinazoleta shibe, zinapoa. Tumbo nalo linazidisha grelini, homoni ya njaa. Wakati huohuo mwili unabana matumizi ya nishati. Ndiyo siri ya blanketi langu.

Leptini iligunduliwa mwaka 1994 na timu ya Jeffrey Friedman, New York, kwa kuchunguza panya wanene kupindukia. Watu wakadhani dawa imepatikana. Kwa wale wachache waliozaliwa bila leptini, kweli ilisaidia sana; mmoja wao, mtoto wa Uingereza, alikuwa na kilo 86 akiwa na miaka 8. Lakini wengi wetu wenye vitambi leptini tunayo tele, ila ubongo umeizoea na hauijali tena. Kuongeza nyingine ni kumwambia aliyekwisha kukupuuza.

Na njaa hii ya baada ya kupungua haiishi haraka. Utafiti wa Australia wa 2011 ulikuta homoni za njaa bado ziko juu mwaka mzima baada ya watu kupungua.

Sindano za semaglutaidi, dawa ya kupunguza uzito, zinaiga homoni ya utumbo, GLP-1, na kweli zinakata hamu. Ukiziacha, uzito hurudi kwa wengi. Usizinunue mtaani, muone daktari.

Mimi nilirudi hadi 101, nikaanza upya polepole: maharage au dagaa kwanza, wali baadaye. Niko 92, mwaka wa tatu huu. Kilichonisaidia kuliko vyote ni kuacha zamu za usiku, maana baadhi ya tafiti zimeonyesha usingizi ukikatwa, leptini inashuka na grelini inapanda. Wewe unalala saa ngapi? Hilo hukuliandika.