Unakwenda JKT? Usiogope kuitwa mtegaji

Kila majina ya kwenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria yakitoka, wadogo zangu waliomaliza kidato cha sita hunipigia simu na swali lile lile: dada, doso ni kali? Doso, yaani yale mazoezi magumu ya kambini, utaizoea. Mimi nataka tuzungumze kuhusu ugoko.

Nilipokuwa kambini, jirani yangu wa kitanda alikuwa binti mwepesi, ndiye aliyetuanzishia nyimbo za mchakamchaka. Alfajiri, kabla ya filimbi, alikuwa anakaza kipande cha kanga kwenye ugoko, halafu anavuta soksi ndefu nyeusi juu yake matroni asione. Hangani anachechemea, akifika uwanja wa gwaride anakanyaga kama sisi wote. Nikamwambia akaripoti mgonjwa. "Niitwe mtegaji mimi, mkwepa kazi?" Alikuja kubebwa, mfupa una ufa.

Ufa huo hauji kwa kuanguka, unaletwa na kishindo kile kile kinachorudiwa kila siku. Daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, aliandika mwaka 1855 kuhusu askari waliovimba miguu kwa matembezi marefu, na eksirei ilipokuja ndipo ikajulikana kuwa ni mfupa. Mfupa ukipewa kazi ya ghafla, mwili hubomoa kwanza sehemu iliyochoka, ndipo ujenge upya, na ujenzi huchelewa. Kwa hiyo wiki za mwanzo, wakati kila kuruta anataka kuonekana komando, ndizo mbaya zaidi.

Wanawake huumia hivi kuliko wanaume kwenye mafunzo ya kijeshi, lakini sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni pumzi na misuli tunayofika nayo. Mtu kamaliza mtihani, kakaa kwenye kochi mpaka siku ya safari! Anza kukimbia taratibu sasa hivi, tena na zile raba utakazokwenda nazo, si raba mpya ya kutolea kwenye boksi kambini.

Kinachobaki ni kichwa. Hofu ya kuchekwa inamfanya mtu afiche maumivu, na mawazo ya nyumbani yanamnyima usingizi ambao mfupa unauhitaji. Halafu kuna wanaojinyima chakula makusudi ili warudi na kiuno (nimewaona, na ugali wao nimeula). Ukila kidogo huku unakimbia, hedhi inaweza kukata. Wenzangu walikuwa wanashangilia, eti afadhali. Hapana, ni dalili kwamba mwili umeanza kubana matumizi, na mifupa nayo inapunjwa. Ikipotea, mwambie matroni au mhudumu wa afya, hata kama unaona aibu.

Maumivu yaliyosambaa kwenye misuli na kupungua ukipasha mwili moto, mara nyingi ni ya mazoezi. Yanayokaa sehemu moja unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole, yanayozidi kadiri unavyokimbia, au yanayokuamsha usiku, usikimbie nayo tena. Na eksirei ya mapema ikionekana safi, bado mfupa unaweza kuwa na ufa. Maumivu yakiendelea, rudi.

Ukifika kwa mganga usiseme "nimechoka afande", utarudishwa uwanjani. Weka kidole panapouma, sema: panauma hapa, maumivu yalianza siku fulani, nikiruka kwa mguu huu mmoja siwezi.