Maswali na Majibu: Gari la Puto Limegoma

Tumetengeneza gari la puto. Puto linatoa hewa yote, gari halisogei. Tumekosea wapi?

Liacheni puto kwanza. Linyanyueni gari, mzungushe magurudumu kwa kidole. Yakikwama baada ya nusu mzunguko, ugonjwa ni msuguano. Mara nyingi kijiti cha ekseli, kile kinachounganisha magurudumu mawili, kimegandishwa kwa gundi mahali ambapo kilitakiwa kizunguke. Kipitisheni ndani ya mrija ulio mpana kukizidi, kisha gundi ishike mrija, si kijiti. Na tundu la gurudumu liwe katikati hasa, la sivyo gari litachechemea.

Ila ningekuwa mimi, haya yote nisingemwambia mtoto. Ningemwambia abadilishe kitu kimoja, ajaribu, apime kwa hatua limefika wapi. Akibadilisha vitatu kwa mpigo na gari likaenda, hatajua dawa ilikuwa ipi.

Mwanangu anasisitiza kwamba hewa ya puto husukuma ukuta wa nyuma, ndiyo maana gari huenda mbele. Nimwache?

Usimwache wala usimkosoe. Mwambie aliweke gari uwanjani, mbali na ukuta wowote. Litakwenda vilevile. Puto huisukuma hewa nyuma, nayo hewa hulisukuma puto mbele. Kanuni hiyo Isaac Newton aliichapisha mwaka 1687, na ndiyo inayoendesha roketi huko juu kusiko na hewa.

Mimi ni mwalimu. Tuliweka kifuniko cha kalamu kwenye chupa ya maji: ukiiminya chupa "mzamiaji" anazama, ukiiachia anapanda. Watoto wanauliza kwa nini, nami sina maneno mepesi.

Mwalimu, hiki ndicho kichezeo nikipendacho kuliko vyote, kwa hiyo nivumilie. Tafuta kifuniko kinachoonyesha ndani. Bandika udongo kidogo kwenye mdomo wake bila kuuziba, mpaka kielee wima, kichwa kikichungulia tu juu ya maji. Chupa ijae hadi shingoni, ifungwe vizuri.

Sasa waambie watoto wasimfuate mzamiaji kwa macho. Watazame maji yaliyo ndani ya kifuniko. Chupa ikiminywa, maji hayabanwi kirahisi, bali hewa iliyonaswa humo ndiyo inayosinyaa, na maji yanapanda kujaza nafasi. Mzamiaji hakuongezewa udongo, ila amebeba maji zaidi na hewa yake imekuwa ndogo. Amekuwa mzito kuliko maji anayoyapisha. Anazama. Ukiachia, hewa inatanuka, inayafukuza yale maji, naye anarudi juu. Watoto wakishayaona maji yakipanda na kushuka, nusu yao watakueleza wenyewe. Jina la Archimedes, Mgiriki wa kale aliyeeleza kwa nini vitu huelea, linaweza kusubiri hadi kesho.

Kama kifuniko kina tundu kwenye ncha, lizibe kwa udongo. Tundu hilo si kasoro: limewekwa ili mtoto akikikwamisha kooni, hewa ipite. Hilo pekee ni somo.

Kifungo kilichotiwa uzi, unavuta kinavuma "vuuu". Si mchezo tu wa kupoteza muda?

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakiongozwa na Manu Prakash, walichapisha kifaa kilichoigwa kutoka kwenye mchezo huohuo: duara la karatasi na uzi. Kilifika mizunguko 125,000 kwa dakika, na kilitenganisha majimaji ya damu na chembe zake kwa dakika moja na nusu, bila umeme. Mwache avute.

Nina mtoto wa miaka mitatu na kaka yake wa tisa anayependa betri na sumaku. Wachezee pamoja?

Hapana. Betri bapa za duara, zile ndogo kama kifungo, zikimezwa na kukwama kooni zinaweza kuunguza nyama kwa muda wa saa mbili tu. Sumaku ndogo mbili zikimezwa huvutana na kuubana utumbo. Mdogo akimeza, au hata ukishuku tu, hospitali mara moja, usingoje dalili. Na umeme wa ukutani si wa vichezeo hata kwa huyo mkubwa.

Binti yangu amejifunza kutengeneza filimbi ya mrija: anabapaza ncha, anaikata ichongoke, anapuliza. Nyumba haikaliki!

Mpe mkasi. Mwambie akate kipande kidogo cha mwisho wa mrija kila baada ya kupuliza, na asikilize sauti inavyozidi kuwa nyembamba. Atafurahi mno, na mrija utakwisha.