Muulize Mwalimu: Kenny na Dolly harusini kwetu

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi na mchumba wangu tunafunga ndoa Desemba, na tumekubaliana kuwaimbia wageni "Islands in the Stream" wa Kenny Rogers na Dolly Parton. Wimbo ulitoka 1983, hatujazaliwa, lakini ukipigwa hata watoto wanaitikia. Una nini? Na je, wale wawili walikuwa mume na mke?
Bwana harusi mtarajiwa, Nakuru

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongereni sana. Hawakuwa mume na mke hata siku moja. Dolly aliolewa na Carl Dean mwaka 1966, wakakaa pamoja mpaka Dean alipofariki 2025. Kenny alikuwa rafiki, rafiki wa kweli: Oktoba 2017 alipoaga jukwaa kwa tamasha kule Nashville, Marekani, Dolly alikuja wakauimba wimbo huu pamoja.

Waliotunga ni ndugu watatu wa kundi la muziki la Bee Gees: Barry, Robin na Maurice Gibb. Kenny aliuimba peke yake studioni siku nne, ukamchosha, akamwambia Barry hautaki tena. Barry akasema hapa anatakiwa Dolly. Dolly akaitwa, akaja, na Oktoba 1983 wimbo ukashika namba moja Marekani.

Sasa sogea karibu na kinanda, maana mimi nimeupiga harusini mara nyingi mno. Kenny anaanza, do, yaani noti ambayo wimbo umeifanya nyumbani kwake, ni C. Nyimbo nyingi zikitaka kuamsha watu hupanda. Huu unashuka! Dolly anapoingia ubeti wa pili, do imeteremka hadi A♭ (tamka "A flat"): hesabu vibonye vinne kwenda kushoto, vyeupe kwa vyeusi. Hapo ndipo anapata mahali pa kuimba bila kukaza koo. Wimbo mzima umehama ili kumpisha, na mimi naamini hilo ndilo linalotugusa, hata asiyejua do wala re.

Bwana harusi mmoja aliwahi kunikataza nisishuke, eti C inamfaa. Inamfaa yeye! Bibi harusi alifika kwenye kiitikio mishipa ya shingo imemtoka, sauti ikakatika, akashusha maiki polepole mpaka ikagusa shela. Sijaisahau sura yake.

Kwa hiyo mwambieni mpiga kinanda wenu mapema kwamba mnashuka. Mchumba wako aisake noti yake ya kwanza nyumbani, kila jioni, mpaka aikamate bila kusaidiwa. Na wewe ukimaliza ubeti wako, shusha maiki, umgeukie.